Programu huangalia kabla ya kuandika, mbona malipo bado yanaingia mara mbili?

*"Mwalimu, pokea salamu. Nimetengeneza mfumo wa sacco moja ya matatu hapa Nairobi, natumia hifadhidata ya PostgreSQL. Kuna majedwali matatu makubwa: wanachama, malipo na zamu. Kila moja lina ufunguo mkuu, id inayojiongeza yenyewe. Kabla ya kuandika malipo, programu yangu huangalia kama msimbo wa M-Pesa umeshaingia, ukiwapo, haiandiki. Hata hivyo mwezi uliopita tumepata malipo kumi na moja yaliyoingia mara mbili, karibu yote jioni. Kuna pia mwanachama aliyesajiliwa mara mbili, na gari moja lililopangiwa madereva wawili zamu ileile, ingawa kwenye zamu niliweka sharti la upekee, UNIQUE (gari_id, dereva_id, tarehe, zamu). Mwenzangu ananiambia niachane na UNIQUE kwa sababu inachelewesha seva, niongeze ukaguzi kwenye programu. Sasa hesabu ya mfumo inazidi pesa zilizo benki, na kuna kondakta anayeshukiwa kuingiza malipo bandia. Naona kosa ni langu. Nifanyeje?"*

Ndugu yangu, nianze na huyo kondakta. Malipo yanayojirudia kwa msimbo uleule, tena jioni magari yanaporudi, hayaelekei kuwa kazi ya mkono wa mtu. Yanafanana kabisa na hitilafu moja inayojulikana, na nitakueleza inavyotokea, kisha nikuonyeshe jinsi ya kuithibitisha kwa ushahidi ambao tayari unao. Mwombe mweka hazina asimchukulie hatua mtu yeyote mpaka umalize hiyo kazi.

Umeleta mambo matatu ambayo kwa nje yanafanana: kitu kimoja kimeandikwa mara mbili. Kwa ndani ni tofauti. La malipo linatokana na muda. La zamu ni sharti lililoandikwa vibaya. La mwanachama ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu kompyuta peke yake haiwezi kulimaliza.

Kwanza tuondoe faraja ya uongo inayoletwa na ile id. Ufunguo unaojiongeza unakuhakikishia jambo moja tu, kwamba kila mstari una nambari yake. Haukuhakikishii kwamba kila malipo yana mstari mmoja. Mistari miwili yenye msimbo uleule na kiasi kilekile, mmoja ukiwa na id 8041 na mwingine 8042, machoni pa PostgreSQL ni vitu viwili, na haina sababu ya kulalamika. Edgar Codd alipoandika mwaka 1970, akiwa IBM, makala iliyozaa hifadhidata za namna hii, jedwali lilikuwa seti kwa maana ya hisabati, isiyoweza kuwa na mistari miwili inayofanana. SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata hizi, ikalilegeza hilo: inaruhusu nakala mpaka wewe mwenyewe uzikataze. Nasi tukazoea kubandika id juu ya kila jedwali na kudhani tumeshakataza. Usiitoe id yako. Inafaa sana kuunganisha majedwali, maana haibadiliki hata mtu akibadilisha simu. Ila lazima iwe na mwenzake, yaani sharti la upekee juu ya kile ambacho watu wenyewe wanakitambua kuwa ni kimoja.

Sasa huo ukaguzi wako. Unakuumiza kichwa kwa sababu ukiusoma unauona ni sahihi, na ungekuwa sahihi kama maombi yangekuja moja moja. Fikiria matatu ya abiria 14 iliyobakiza kiti kimoja. Makanga mmoja anaita abiria upande wa mlango, mwingine upande wa pili. Kila mmoja anachungulia dirisha lake, anaona kiti kitupu, anamwambia abiria wake, "Ingia, kimebaki kimoja." Hakuna aliyedanganya. Wote wameona kweli, lakini kati ya kuchungulia na kuketi mambo yamebadilika.

Kwenye seva yako ni hivyohivyo. Taarifa ya malipo inafika, programu inauliza kama msimbo upo, inajibiwa haupo. Kabla haijaandika na kukamilisha muamala, yaani kundi la hatua linalokubaliwa lote au kufutwa lote, nakala ya pili ya taarifa ileile inafika na kupokewa na mchakato mwingine. Nao unauliza, nao unajibiwa haupo. Jibu hilo ni la kweli, kwa sababu PostgreSQL haimwonyeshi mtu kazi ya muamala wa mwenzake ambao haujakamilika. Basi wote wawili wanaandika. Mwanya wenyewe ni sehemu ndogo ya sekunde, ndiyo maana ulipokuwa unajaribu peke yako kwenye kompyuta yako hukuuona. Jioni, magari yote yakiwa yamerudi na kila mtu anatuma hesabu yake, seva inaelemewa, hatua zinavuta muda, na mwanya unapanuka.

Utauliza kwa nini taarifa moja ije mara mbili. Kwa sababu mtandao hukatika katikati ya mazungumzo. Anayetuma asipopata jibu lako kwa wakati hawezi kujua kama ulipokea au la, na katika mambo ya pesa ni heri arudie kuliko anyamaze. Kila anayepokea taarifa za malipo, kutoka kokote, ajenge mfumo wake akitarajia kurudiwa. Vilevile kuna binadamu anayebonyeza kitufe mara mbili ukurasa ukichelewa kufunguka.

Wazo linalowajia wengi hapa ni kuufunga ukaguzi na uandishi ndani ya muamala mmoja. Halisaidii. Kiwango cha kawaida cha kutenganisha miamala katika PostgreSQL, READ COMMITTED, kinauacha mwanya uleule, na REPEATABLE READ nacho pia. Kuongeza FOR UPDATE hakusaidii, kwa kuwa hilo ni kufuli la mstari uliopo, na shida yako ni mstari ambao bado haupo. SERIALIZABLE, jinsi inavyofanya kazi tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011, ingeuziba, lakini kwa kuuangusha mmoja wa miamala, nawe ubaki na kazi ya kuurudia, na kila njia inayoandika kwenye jedwali ingepaswa kutumia kiwango hicho hicho. Ni mzigo mkubwa kwa jambo linalomalizwa na amri hii:

```
ALTER TABLE malipo
  ADD CONSTRAINT malipo_msimbo_pekee UNIQUE (msimbo);
```

Elewa kinachotokea ndani, maana ukikielewa hutahitaji kuniamini mimi wala mwenzako. Amri hii inajenga faharasa, na faharasa hiyo ni mti ambamo misimbo yote imepangwa kwa utaratibu, kiasi kwamba kila msimbo una mahali pamoja tu unapoweza kukaa. Waandishi wawili wenye msimbo uleule, hata wakitoka pande mbili tofauti, wataishia kwenye ukurasa uleule wa mti ule. Anayefika wa pili anakuta alama ya wa kwanza. Kama muamala wa kwanza haujakamilika, PostgreSQL haikisii. Inamwambia wa pili asubiri. Wa kwanza akikamilisha, wa pili anakataliwa kwa kosa nambari 23505. Wa kwanza akitangua kazi yake, wa pili anapita. Kuangalia na kuandika si hatua mbili tena. Vyote viwili vinafanyika mlangoni, na mlango wa matatu ni mmoja.

Halafu kuna hili, ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko hata suala la muda. Ukaguzi wa programu unaijua programu hiyo tu. Hifadhidata inamjua kila anayeingia: programu yako, faili ya mweka hazina inayopakiwa mwisho wa mwezi, amri uliyoiandika usiku ukirekebisha jambo la haraka, na programu nyingine ambayo kijana mwingine ataiandika miaka miwili ijayo bila kuijua yako. Ulinzi ukikaa kwenye programu, kila njia mpya inazaliwa bila ulinzi.

Mwenzako hakukosea kabisa. Faharasa ina gharama, kwa sababu kila mstari unaoandikwa lazima uandikwe pia kwenye mti. Lakini muulize ule ukaguzi wa programu anaopendekeza utautafutaje msimbo bila faharasa. Itabidi usome jedwali zima kila malipo yanapoingia, na hiyo ndiyo itakayochelewesha seva mwaka hadi mwaka. Ukiiweka faharasa ili ukaguzi uende haraka, umeshalipa gharama yote bila kupata ulinzi. Kwa sacco ya matatu, hata yenye magari mamia, hutaiona tofauti ya kasi. Jambo dogo la kuzingatia: UNIQUE hujijengea faharasa yake, kwa hiyo usiongeze nyingine ya kawaida juu ya safu ileile. Hiyo kweli ni kupoteza.

Ukishaweka sharti, badilisha na namna ya kuandika:

```
INSERT INTO malipo (msimbo, mwanachama_id, kiasi)
VALUES ($1, $2, $3)
ON CONFLICT (msimbo) DO NOTHING
RETURNING id;
```

Ikirudi id, malipo ni mapya; ongeza salio la mwanachama ndani ya muamala huohuo. Isiporudi, usiguse salio. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanazuia mstari wa pili wa malipo lakini sehemu ya programu inayoongeza salio inaendelea kukimbia, na hesabu inaharibika palepale jedwali likiwa safi. Kwa anayetuma, jibu kwamba umepokea, hata kama ni nakala, la sivyo ataendelea kurudia. Kabla ya kunyamazia nakala, linganisha kiasi. Msimbo uleule wenye kiasi tofauti si nakala. Ni jambo la kumwamsha mtu alitazame.

Itaje safu kwenye ON CONFLICT kama nilivyofanya. Usipoitaja, itameza mgongano wa sharti lolote la upekee kwenye jedwali, hata ule ambao ungependa kuusikia. Wanaotumia MySQL, hifadhidata nyingine, wana INSERT IGNORE, nayo naionea shaka kwa sababu hiyohiyo na zaidi, maana inageuza na makosa mengine kuwa maonyo tu. Ni afadhali wapokee kosa 1062 na kuliamulia. Na wewe ukichagua kupokea kosa 23505 badala ya ON CONFLICT, kumbuka kwamba katika PostgreSQL kosa moja linaharibu muamala mzima, isipokuwa uwe umeweka SAVEPOINT, alama ya kurudia ndani ya muamala, kabla yake.

Msimbo wenyewe uwe NOT NULL, yaani usiweze kuachwa bila thamani, na uwe na sura moja. Kama kuna anayeuchapa kwa mkono, herufi ndogo au nafasi iliyobaki mwishoni itaufanya uonekane mpya. PostgreSQL hutofautisha herufi kubwa na ndogo, MySQL 8.0 kwa mpangilio wake wa kawaida haitofautishi, kwa hiyo usidhani tabia ya moja ndiyo ya nyingine. Ongeza CHECK (msimbo = upper(trim(msimbo))), na anayeleta msimbo mchafu atajulishwa mlangoni.

Zamu nitaipitia upesi, kwa sababu kosa lake ni moja. Ulipoandika UNIQUE (gari_id, dereva_id, tarehe, zamu), ulisema kwamba mkusanyiko wa vitu hivyo vinne usijirudie. Gari 7 na dereva wa kwanza, asubuhi. Gari 7 na dereva wa pili, asubuhi: mikusanyiko miwili tofauti, na hifadhidata imekutii. Kila safu unayoongeza ndani ya mabano inalegeza sharti, ingawa macho yanaliona limekaza. Ulichotaka kusema ni kanuni mbili, kila moja kwa sauti yake: gari moja lisiwe na zaidi ya dereva mmoja kwenye zamu, na dereva mmoja asiwe kwenye zaidi ya gari moja.

```
UNIQUE (gari_id, tarehe, zamu),
UNIQUE (dereva_id, tarehe, zamu)
```

Safu zote hizo ziwe NOT NULL, kwa sababu nitakayoieleza punde. Siku mkiacha zamu za asubuhi na jioni mkaanza kuandika saa ya kutoka na saa ya kurudi, UNIQUE haitatosha, kwa kuwa saa 11 hadi 5 na saa 4 hadi 9 hazilingani ila zinapandana. Kwa hilo PostgreSQL ina masharti ya EXCLUDE tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010, na toleo la 18 la mwaka 2025 limeleta WITHOUT OVERLAPS, ambayo ni rahisi zaidi kuandika. Msilikimbilie kabla hamjalihitaji.

Sasa mwanachama. Hapa swali linaacha kuwa la SQL: ni nini kinachomfanya mtu awe yuleyule?

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi kwenye mfumo wa kliniki moja ya Eastlands. Niliweka upekee juu ya majina matatu pamoja na tarehe ya kuzaliwa, nikaona nimemaliza. Kumbe wazee wengi tarehe zao zimeandikwa 1 Januari, kwa sababu mwaka ulikadiriwa na siku haikujulikana. Siku moja akaja mama mwenye majina matatu sawa na ya mama mwingine, mwaka uleule, 1 Januari. Mfumo ukamkataa. Karani hakuweza kumrudisha mgonjwa nyumbani, basi akaweka nukta mwishoni mwa jina, na mfumo ukamkubali. Nilipokuja kuangalia baada ya miezi nilikuta majina mengi yenye nukta, mengine yenye herufi iliyorudiwa, moja lenye nyota. Sharti langu lilikuwa limewafundisha watu wema kuidanganya hifadhidata ili kazi iende. Tangu siku hiyo siweki upekee juu ya majina, na sikushauri uweke, hata ukiongeza tarehe.

Nambari ya simu inavutia kwa sababu kila mwanachama anayo na ndiyo inayolipa. Lakini watu hubadilisha laini, nambari iliyoachwa hupewa mtu mwingine baadaye, na wapo mume na mke wanaotumia simu moja. Usiifanye kuwa utambulisho wa mtu. Unaweza kuifanya iwe pekee miongoni mwa wanachama walio hai kwenye daftari, kama sacco itaamua hivyo, kwa faharasa yenye sharti:

```
CREATE UNIQUE INDEX simu_pekee ON wanachama (simu)
  WHERE ameondoka IS NULL;
```

Hivyo aliyeondoka hamzuii aliyerithi nambari yake. Kabla ya hapo lazima simu ziwe na sura moja, na nina hakika kwa kiasi fulani kwamba nakala ya mwanachama wako imetokana na hili. 0700000000, 254700000000 na +254 700 000 000 kwa mtu ni nambari moja, kwa hifadhidata ni maandishi matatu. Chagua sura ya kimataifa, yaani alama ya kujumlisha, 254, kisha tarakimu tisa, na uigeuze kila nambari inapoingia, zikiwemo zinazoanza na 01. Weka CHECK ikatae sura nyingine yoyote. Fanya vivyo hivyo kwa nambari za magari, maana KDA 001A na KDA001A nazo zitakusumbua. Kama mnaweka barua pepe, jenga faharasa ya upekee juu ya lower(barua_pepe).

Kitambulisho ndicho kinachokaribia zaidi utambulisho wa mtu. Usiweke nambari peke yake. Weka aina ya hati, nchi iliyoitoa na nambari, vitatu kwa pamoja, kwa kuwa yupo atakayekuja na pasipoti na nambari yake inaweza kugongana na ya kitambulisho cha mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka ukusanye kile tu unachokihitaji na ukitunze kikiwa sahihi, basi zungumza na viongozi wa sacco kama kweli mnahitaji nambari hiyo kabla ya kuiomba.

Na yule ambaye bado hajaleta kitambulisho? Mwachie NULL. Katika PostgreSQL na MySQL, UNIQUE inaruhusu NULL nyingi, kwa hoja kwamba kisichojulikana hakiwezi kusemwa kuwa ni sawa na kingine kisichojulikana. SQL Server huruhusu moja tu. Ila angalia fomu yako: mara nyingi kisanduku kilichoachwa wazi hutumwa kama maandishi matupu, '', na hayo si NULL, ni thamani kama nyingine. Mwanachama wa kwanza asiye na kitambulisho ataingia, wa pili atakataliwa, na hakuna atakayeelewa kwa nini. NULLIF(trim($1), '') inalimaliza hilo. Upande wa pili wa tabia hiyohiyo ndio sababu niliyokuahidi kwenye zamu: safu moja ya zamu ikiwa NULL, mstari wote unaponyoka kwenye sharti la upekee, na gari litapangiwa madereva watatu bila mlio. Tangu toleo la 15 la mwaka 2022 unaweza kuandika NULLS NOT DISTINCT ukitaka NULL zihesabiwe sawa.

Kwa mengine yote yanayotia shaka, kama majina yanayofanana au simu iliyokwisha kutumiwa na mwanachama wa zamani, usikatae. Onya. Mwonyeshe karani mwanachama anayefanana, aamue kwa macho. Katazo likae pale tu ambapo una hakika kwamba kurudiwa ni kosa daima. Msimbo wa malipo una hakika hiyo. Jina la mtu halina.

Kusafisha yaliyopo kuna hatari kuliko kuweka sharti. ALTER TABLE itakataa nakala zikiwapo, na usishawishike kuzifuta harakaharaka ili ipite. Chukua nakala rudufu kwa pg_dump kwanza, na jaribu kuirejesha kwenye mashine nyingine, maana nakala ambayo haijarejeshwa hata mara moja hujui kama ipo. Kwenye malipo, hamishia mistari ya ziada kwenye jedwali la pembeni badala ya kuifuta, ubaki na wa mwanzo, kisha ukokotoe salio upya kutoka kwenye malipo yenyewe. Kwenye wanachama, usifute mtu. Hamisha kwanza malipo na zamu za mstari wa pili ziende kwa wa kwanza, ndipo uuweke kando. Ufunguo wa kigeni, yaani ule unaounganisha malipo na mwanachama wake, ukiwa na ON DELETE CASCADE, kumfuta "nakala" ya mwanachama kutayafuta na malipo yake yote kimyakimya. Angalia hilo kabla hujagusa chochote.

Kama mfumo hauwezi kusimama, jenga kwa CREATE UNIQUE INDEX CONCURRENTLY, ambayo haizuii watu kuandika wakati inajengwa. Haiendeshwi ndani ya muamala, na ikikuta nakala itashindwa na kuacha faharasa isiyo halali nyuma yake. Ifute kabla ya kujaribu tena. Lakini nyinyi mna usiku. Magari yakishalala na kabla ya yale ya alfajiri kutoka, simamisha programu dakika chache, weka sharti la malipo, uiwashe tena. Lianze hilo kabla ya mengine, kwa sababu kila jioni inayopita inaongeza nakala.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi. Kama masalio yaliyokosewa yameshatumika kugawa faida au kutoa mikopo, mwite mhasibu mkae naye na mweka hazina meza moja. Usirekebishe vitabu vya pesa za watu peke yako, hata kama unajua jibu. Kama hujawahi kuunganisha wanachama kwenye mfumo unaotumika, tafuta mtu mwenye uzoefu wa PostgreSQL akae kando yako siku hiyo, ana kwa ana. Usimtumie mtu orodha ya wanachama kwa WhatsApp ili akusaidie. Sheria niliyoitaja inawalinda, na wamewaamini nyinyi na taarifa zao.

Turudi kwa kondakta. Endesha hii leo, kabla ya kusafisha chochote:

```
SELECT msimbo, COUNT(*),
       MAX(iliingia) - MIN(iliingia) AS tofauti
FROM malipo
GROUP BY msimbo
HAVING COUNT(*) > 1
ORDER BY tofauti;
```

Nimechukulia kwamba safu ya wakati wa kuingia inaitwa iliingia. Tofauti ikiwa ni sehemu ya sekunde, hakuna mkono wa mtu unaochapa hivyo. Ukiona iliyopishana kwa saa au siku, ukaguzi wako ungepaswa kuikamata, kwa hiyo kuna njia nyingine inayoandika bila kuupitia. Angalia kwanza faili zinazopakiwa. Kisha omba taarifa rasmi ya akaunti ya mwezi ule. Malipo bandia yangekuwa na msimbo ambao haupo kwenye taarifa hiyo. Nakala ina msimbo uliopo, ila kwenye taarifa umo mara moja. Chapisha orodha zote mbili, wekeni alama msimbo kwa msimbo, zote kumi na moja, na kondakta mwenyewe awepo mezani mnapofanya hivyo.